UZI: Kukata DPF kwenye malori ya dizeli. Kabla msumeno haujagusa bomba, pimeni haya

#1 Mshika Geji (mwanzisha uzi)

Wakuu, mjadala wa kukata DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, unarudi kila mara na kila mara unaishia kwenye kurushiana maneno. Mmoja anasema chujio ni mzigo, mwingine anasema anayekata ni muuaji. Tuuweke hapa mahali pamoja, kwa vipimo.

Msimamo wangu nausema mapema: chujio linaloziba mara kwa mara halina kosa. Mgonjwa ni injini. Ukilikata, umemnyamazisha aliyekuwa anakupa taarifa, na ugonjwa unaendelea.

Kwa asiyejua lilivyo: DPF ni tofali la kauri lenye maelfu ya vijia vyembamba. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, na jirani yake kimezibwa upande wa pili, kwa hiyo moshi hauna njia ila kupenya ukuta wenye vinyweleo. Masizi yanabaki ukutani. Tabaka hilo la masizi ndilo linalochuja vizuri kuliko hata kauri yenyewe, ndiyo maana chujio lililotoka kusafishwa huwa hafifu kidogo mwanzoni.

Masizi hayo yanachomwa kwa njia mbili. Ya kwanza inaenda yenyewe lori likiwa kwenye kazi: moshi ukifika nyuzi 250 hadi 400 hivi za Selsiasi, gesi ya NO2 inayotengenezwa na kichocheo cha mbele, DOC, inayala masizi polepole. Ya pili ni ya kulazimisha, rijeni: kompyuta inaongeza dizeli kwenye moshi, dizeli inaungua ndani ya DOC, joto linapanda hadi 550–650, masizi yanateketea. Majivu ya oili hayaungui kwa njia yoyote kati ya hizo. Yanasubiri kutolewa kwa mkono.

Karibuni. Anayetetea kukata aje na hoja, hatutamtukana.

---

#2 Masafa Marefu

Nitatetea upande huo, na ninautetea kwa dhati.

Lori likisimama halilipi. Rijeni ya kuegesha inachukua nusu saa hadi saa nzima, injini inanguruma bila kusogea, dizeli inateketea. Sensa moja ya joto ikifa, kompyuta inakataa rijeni, nguvu zinapunguzwa, na mzigo uko juu. Chujio jipya ni moja ya vipuri ghali zaidi kwenye gari zima. Na wote tunajua malori ya zamani yaliyotembea miaka bila chujio lolote na injini zao zikadumu. Mwenye lori anayekata hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya hivyo kwa sababu kila aliyemwendea alimbadilishia kitu na taa ikawaka tena.

Nijibuni hapo kwanza.

---

#3 Nozeli Sita

Mkuu Masafa, sentensi yako ya mwisho ndiyo kiini. Taa inawaka tena kwa sababu walibadilisha chujio na kuacha kinachozalisha masizi. Huu hapa utaratibu, na upangilio wake una maana, usiruke:

Anza na sensa ya tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya chujio. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, lazima isome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma kPa 1 au 2 hapo, sensa inadanganya na kompyuta inaamini chujio limejaa. Chomoa mipira yake miwili, angalia kama imepasuka, imeyeyuka, au ina maji na masizi ndani. Puliza kuelekea kwenye bomba, kamwe usipulize kuelekea kwenye sensa, utaipasua. Hakikisha pia haikurudishwa kinyume, wa mbele ukakaa nyuma.

Huna imani na sensa? Chukua mpira mwangavu, ukunje umbo la U, tia maji, unganisha ncha zake kwenye matundu mawili ya sensa kwa kipande cha bomba la chuma kinachovumilia joto. Tofauti ya sentimita 10 kati ya viwango vya maji ni karibu kPa 1. Tumia mpira mrefu na ukanyage mafuta taratibu, la sivyo maji yatasukumwa kuingia kwenye bomba. Linganisha na kinachosomwa na mashine. Zikitofautiana, umeshapata tatizo bila kufungua kitu.

Pili, sensa za joto. Lori likiwa limelala usiku kucha, sensa zote za ekzosi zinapaswa kusoma karibu sawa, na karibu na joto la hewa. Inayosoma 60 wakati wenzake wanasoma 22 ndiyo mbovu.

Tatu, hewa. Mpira wa intakula (kipoza hewa inayoingia injini) uliopasuka upande wa chini hauonekani kwa macho, ila injini inakosa hewa na kumwaga masizi. Ziba ncha, tia hewa hadi kPa 200, funga, hesabu sekunde 15. Ikishuka zaidi ya kPa 35, tafuta panapovuja kwa maji ya sabuni. Watengenezaji wanatofautiana kidogo kwenye namba hizi, fuata kitabu cha injini yako.

Nne, nozeli zinazomwaga dizeli kwenye silinda. Pima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa muda uleule, kwenye chupa za vipimo. Inayorudisha kupita wenzake kwa mbali imechoka. Nozeli inayodondosha inatengeneza masizi kwa kasi ambayo hakuna rijeni itakayoiwahi.

Tano, EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi na tabo (turbo) inayovujisha oili upande wa moshi. Oili ikiingia kwenye DOC inaziba uso wake, na rijeni inakufa.

Hapo ndipo unagusa chujio.

---

#4 Mpimamoshi

Niongeze upande ambao mwenye lori haoni.

Masizi ya dizeli ni madogo mno. Mengi yako chini ya nanomita 100, na yanapita puani hadi kwenye vifuko vya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani visababishi vya saratani kwa binadamu vilivyothibitishwa. Wa kwanza kuuvuta ni dereva mwenyewe, utingo na mafundi wa gereji.

Chujio zima linazuia takriban asilimia 99 ya chembe kwa idadi. Fanyeni hesabu: likipita 1 kati ya 100, basi lori moja lililokatwa linatoa kama malori mia yenye chujio. Kwa hiyo hoja ya "ni langu moja tu" haina mguu.

Na msidanganywe na macho. Injini ya kisasa iliyokatwa chujio inaweza isitoe moshi mweusi kabisa ikiwa inanguruma tu. Mashine ya zamani ya kupima weusi wa moshi mara nyingi hailioni. Ndiyo maana Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, waliingiza kwenye ukaguzi wa kila mara kifaa kinachohesabu chembe zenyewe. Uholanzi kikomo ni chembe 1,000,000 kwa sentimita moja ya ujazo, Ujerumani ni 250,000. Lililokatwa linajulikana ndani ya dakika chache. Uingereza tangu Februari 2014 gari lililotengenezwa na DPF likikutwa halina, linaanguka ukaguzi, na tangu Mei 2018 moshi wowote unaoonekana kutoka kwenye gari lenye DPF ni kosa kubwa.

Marekani, shirika la mazingira, EPA, lilitoa ripoti Novemba 2020 likikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa mifumo ya kusafisha moshi ndani ya takriban miaka kumi. Sheria yao ya hewa safi inakataza kuondoa mfumo na inakataza pia kuuza vifaa na programu za kuuondoa, na gereji nyingi zimetozwa faini nzito kwa hilo.

Jaribio la haraka kwa anayenunua lori lililotumika: pangusa ndani ya ncha ya ekzosi kwa kitambaa cheupe. Lori lenye chujio zima linaacha kijivu hafifu au halichafui kabisa. Kitambaa kikitoka cheusi kama mkaa, chujio limepasuka au halipo. Kagua pia bati la boksi kwa mishono mipya ya kuchomelea.

---

#5 Masafa Marefu

Nakubali hoja ya afya, sitaibishia. Lakini hamjagusa mafuta. Kuna maeneo dizeli yenye salfa ndogo haipatikani. Lori limetengenezwa kwa dizeli yenye salfa ya ppm 10 (sehemu 10 kwa milioni), linamwagiwa ya 500. Hapo utaratibu wa Nozeli Sita unasaidia nini? Chujio litakufa tu.

---

#6 Mshika Geji

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wako, na nitaijibu kwa heshima yake.

Lita 100 za dizeli ni kama kilo 84. Kwa ppm 10, kuna salfa isiyofika gramu 1. Kwa ppm 500 kuna gramu 42. Salfa hiyo inakalia platinamu ya DOC na kuzuia NO2 isitengenezwe, kwa hiyo ule uchomaji wa polepole unakufa kwanza. Rijeni za kulazimisha zinazidi, dizeli inaongezeka, na sehemu ya salfa inageuka salfeti ambayo nayo inahesabika kama chembe. Mfumo wenye platinamu unataka dizeli isiyozidi ppm 50, na malori ya kiwango cha moshi cha Ulaya, Euro VI, yanataka 10 au 15. Hilo halina mjadala.

Lakini tatizo hilo linaanza siku ya kununua lori. Malori mengi makubwa ya Euro V yalifikia kiwango chao cha masizi, gramu 0.02 kwa kilowati-saa, bila DPF. Yana SCR, mfumo unaopunguza NOx (oksidi za nitrojeni) kwa kimiminika cha AdBlue, na nyingi kati ya hizo zinatumia vanadi, ambayo inavumilia salfa kuliko platinamu. Anayejua njia zake hazina dizeli safi anunue hilo, au la zamani zaidi lililotunzwa. Kununua Euro VI kisha kulikata kunakupa injini ambayo kompyuta yake, EGR yake na tabo yake vilipangwa kwa kudhani kuna chujio nyuma. Ukilitoa chujio, hupati lori la zamani. Unapata lori ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kulijaribu.

Hapo ndipo pia jibu la swali lako la kwanza kuhusu malori ya zamani. Baadhi ya injini zenye DPF hutoa masizi mengi zaidi kutoka kwenye silinda kuliko zilizotangulia, kwa sababu EGR inapunguza NOx kwa gharama ya masizi, na mtengenezaji anategemea chujio liyakamate.

---

#7 Bi Spana

Niseme yanayokutwa gereji kwenye malori yaliyokatwa, maana wengi wanaambiwa "ukikata umemaliza".

Walioondoa kauri na kuiacha kompyuta ilivyo: sensa inasoma mgandamizo mdogo mno, msimbo wa hitilafu P2002 unawaka. Kompyuta inaendelea kuagiza rijeni kwa kuhesabu saa au kilomita, dizeli inamwagwa kwenye moshi. Kama DOC nayo imetolewa, hakuna pa kuungulia, moshi mzito mweupe unatoka. Kwenye injini zinazomwaga dizeli hiyo kupitia nozeli za silinda, sehemu yake inashuka ukutani hadi kwenye oili. Kijiti kikionyesha oili imepanda bila mtu kuongeza, hiyo ni dizeli, na mabringi yanaumia.

Waliobadilisha na programu: shida ni faili lenyewe. Wengi wanamwagiwa faili la toleo jingine la kompyuta. Aliyeliandika, ili taa isiwake, amezima familia nzima za misimbo, na ndani yake mna ulinzi wa joto la moshi. Kwa hiyo nozeli ikianza kumwaga, dereva haambiwi. Pistoni ndiyo itakayomwambia.

Ile sifa ya kwamba lori linakula mafuta kidogo baada ya kukatwa, sehemu yake ni kweli: rijeni hazipo na mgandamizo wa nyuma umepungua. Kwenye mfumo mzima ni asilimia chache. Sehemu nyingine inatokana na taimingi ya kumwaga dizeli iliyosogezwa mbele kwenye faili hilo, na gharama yake ni NOx nyingi na joto kubwa ndani ya silinda.

Halafu kwenye Euro VI boksi ni moja: DOC, DPF, SCR na sailensa vimo humo. Ukivuruga kimoja, AdBlue haichanganyiki sawasawa, sensa za NOx zinalalamika, nguvu zinakatwa kwa asilimia 25, na hatua ya mwisho lori linafungwa kwenye kilomita 20 kwa saa. Aliyekuja kukata DPF anajikuta anazima SCR pia. Inakuwa mnyororo.

---

#8 Dereva wa Zamu ya Usiku

Bi Spana, shikamoo. Sisi madereva hatuna mashine. Taa ya DPF ikiwaka barabarani, kipi cha kufanya na kipi cha kuacha?

---

#9 Bi Spana

Marahaba. Ikiwaka bila kumeta na bila taa nyingine, endelea na safari, shika mwendo wa barabara kuu na mizunguko ya juu kidogo, dakika 20 hadi 30, usizime katikati. Usibonyeze swichi ya kuzuia rijeni kwa mazoea. Wengi wanaisahau ikiwa imewashwa, na hiyo peke yake inajaza chujio.

Ikianza kumeta, tafuta mahali pa wazi na fanya rijeni ya kuegesha. Simama kwenye lami au kokoto, kamwe si juu ya nyasi kavu, na ncha ya ekzosi isielekee kitu chochote. Moshi unatoka ukiwa mamia ya nyuzi.

Ikifuata taa nyekundu, simama. Chujio lililojaa kupita kiasi likishika moto wenyewe na injini ikashuka hadi kunguruma tu kwa mizunguko ya chini, hewa ya kulipoza inapungua huku oksijeni ni nyingi, joto linapita nyuzi 1,000 na kauri inapasuka. Kauri ya cordierite inavumilia masizi ya gramu 4 hadi 6 hivi kwa kila lita ya ujazo wake, ya silicon carbide inazidi hapo. Mipaka ya kompyuta imewekwa kulinda hilo.

---

#10 Oveni na Mizani

Mmefika kwenye eneo langu. Kusafisha.

Kwanza jueni ni masizi au majivu. P2463 ni masizi, P242F ni majivu. Kwenye mashine za malori makubwa, SPN 3719 ni kiwango cha masizi na SPN 3720 ni majivu. Ukifanya rijeni iliyokamilika, DOC ikaingiza 300 na kutoa 550 au zaidi, na bado mgandamizo haukushuka, basi ni majivu. Toa nje. DOC ikiingiza 300 na kutoa 320, shida ni DOC yenyewe au nozeli ndogo ya ekzosi iliyoganda kaboni. Hapo kusafisha DPF ni kupoteza muda.

Kabla ya kufungua, chora mshale wa mwelekeo wa moshi kwenye bati, kwa rangi inayovumilia joto.

Likitoka: pima uzito likiwa limekauka, andika. Mulika taa upande wa kutokea. Upande huo unapaswa kuwa safi. Madoa meusi hapo ni nyufa, na chujio la hivyo halisafishwi, linabadilishwa. Angalia pia kama kuna kauri iliyoyeyuka au mafuta na oili iliyolowa.

Kisha puliza kwa hewa kutoka upande wa kutokea kwenda upande wa kuingilia, kijia kwa kijia, ndani ya kabati lenye kivuta vumbi. Majivu yana kalsiamu, zinki na fosforasi, vaa barakoa ya FFP3. Sijui kwa nini watu wanapuliza uwanjani huku watoto wanapita. Hilo likome.

Baada ya hapo oveni. Panda taratibu hadi nyuzi 600 hivi, likae saa kadhaa, lishuke taratibu. Mzunguko mzima unaweza kufika saa 8 hadi 12. Ukiharakisha, kauri inapata nyufa. Likipoa, puliza tena, kwa sababu majivu yaliyokuwa yameshikwa na masizi sasa yamelegea. Pima uzito mara ya pili, na pima upitishaji wa hewa kwenye mashine ya benchi. Karakana isiyokupa uzito wa kabla na wa baada haijakuonyesha kazi iliyofanya.

---

#11 Nozeli Sita

Hapo kwenye majivu niweke hesabu ya oili, maana watu wanadharau namba za kwenye galoni.

Lita moja ya oili ni kama gramu 870. Oili ya majivu kidogo, ya viwango vya ACEA E8 (zamani E6) au API CK-4, ina majivu yasiyozidi asilimia 1, yaani gramu 8.7 kwa lita inayoungua. Oili za E4 na E7 zinaruhusiwa hadi asilimia 2, yaani gramu 17. Chukulia injini inayokula lita 1 kila kilomita 2,000: kwa kilomita 200,000 imekula lita 100. Kwa oili sahihi ni gramu 870 za majivu, kwa oili isiyo sahihi ni hadi kilo 1.7. Si yote yanayofika kwenye chujio, lakini uwiano unabaki ule ule: unaweza kukata umri wa chujio nusu kwa oili iliyochaguliwa vibaya.

---

#12 Masafa Marefu

Hesabu imenishika. Maswali mawili ya mwisho kwa Oveni: mashine ya kuoshea gari kwa maji ya presha inafaa, kwa aliye mbali na karakana yenye oveni? Na baada ya kurudisha, kwa nini baadhi ya malori yanadai rijeni ndani ya saa chache?

---

#13 Oveni na Mizani

Maji ya presha hapana, mkuu. Mkondo mkali unachimba kauri na kuharibu pamba ya kinga inayolishika tofali ndani ya bati. Ikilowa na kulegea, tofali linacheza na kupasuka kwa mtikisiko. Pia unasukuma majivu kwenda mwisho wa vijia na kuyageuza tope linalokauka gumu. Zipo mashine za maji maalumu, zenye presha ndogo na mzunguko uliopangwa, na baada yake chujio linakaushwa kabisa kwa hewa ya moto. Hiyo ni habari nyingine. Kama uko mbali na oveni, kuwa na chujio la akiba la kubadilishana kunaokoa siku nyingi kuliko pampu.

La pili: hawakuiambia kompyuta. Kaunta ya majivu na ya masizi lazima zirudishwe kwa mashine baada ya kusafisha, la sivyo inaendelea kuhesabu kana kwamba chujio ni lile lile lililojaa. Wengine wanafanya kosa la kinyume, wanarudisha kaunta bila kusafisha, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kompyuta inaruhusu masizi yajae juu ya majivu yaliyopo.

Wakati wa kurudisha, gasketi mpya na klempu mpya kila mara. Kaza nusu, gonga klempu pembeni kwa nyundo ya plastiki ikae sawa, kisha malizia kwa spana ya kipimo kwa namba ya mtengenezaji. Washa injini ikiwa baridi, pitisha mkono karibu na viungo bila kugusa, kabla bati halijapata moto. Halafu rijeni moja kamili, soma sensa ya mgandamizo injini ikiwa inanguruma, na uandike namba hiyo kwenye faili la lori pamoja na kilomita. Safari ijayo utakuwa na cha kulinganisha.